Sijui Haipimwi

Kabla ya kukusalimia alikuwa anakuuliza, "Dawa ya mwisho, ulikunywa saa ngapi?" Uwe umetoka mtaa wa Panda kwa miguu, uwe umeloa mvua, uwe mke wa mkubwa wa kiwanda mwenye viatu vya kisigino, swali lilikuwa lile lile, na macho yake yalikuwa bado kwenye karatasi. Ukijibu sawasawa, ndipo alipoinua kichwa: "Basi. Jambo, mama." Ukijibu kwamba hujui, alifunga daftari.

"Sijui haipimwi. Rudia kesho."

Na usibishane. Mimi nilibishana mara moja, kwa kuwa ni mwalimu wa shule ya msingi na nimezoea watu wanisikilize mimi. Aliniacha nikasema yote, akafuta miwani yake kwa pindo la koti, akaita mgonjwa aliyekuwa nyuma yangu. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, na kesho yake nilirudi na saa nimeishika kichwani vizuri.

Mji mzima wa Likasi, mji wetu wa migodi na viwanda, tulimwita Papa Labo. Jina lake halisi lilishonwa kwenye koti jeupe kwa uzi wa bluu, lakini nusu ya uzi ilikuwa imeng'oka na hakuna aliyejisumbua kulisoma. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sikuwahi kuuliza. Shukrani yangu kwake inaanzia kwenye mlango wa labo, yaani maabara, ya hopitali, mlango wa kijani uliofungwa kwa waya kwa sababu kitasa kiliibwa, ambako nilimpeleka dada yangu mkubwa katika miaka ile ya tisini ambayo kila kitu kwetu kilikuwa kinaanguka.

Kwetu dada mkubwa haitwi jina, anaitwa Yaya. Yaya wangu aliuza samaki wa ziwa Tshangalele, wa chumvi na wa kukaushwa, katika soko la Kikula. Alikuwa mcheshi, mkali wa ulimi, hakuna aliyemdhulumu. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kichwa, unakuja na kwenda. Ukimpandisha, halali, anaongea kama redio, anagawia wapita njia samaki bure huku anawabariki. Ukimshusha, anageukia ukuta, hali, haogi, anasema afadhali afe. Watu walisema ulozi, walisema mizimu ya mume wake marehemu. Munganga wa hopitali, yaani daktari, akasema ni ugonjwa kama mwingine na dawa yake ipo: vidonge vya litiamu, ambavyo masista walikuwa wanavileta kutoka Lubumbashi.

"Lakini dawa hii haina mchezo," munganga alituambia. "Ikipungua katika damu, ni bure. Ikizidi, ni sumu, inaweza kumuua. Katikati pale nafasi ni ndogo. Lazima damu ipimwe kila mara."

Na wa kuipima, Likasi nzima, alikuwa mmoja tu.

Labo yake ilinuka spiriti na gesi. Pembeni, juu ya meza ya saruji, ilikaa mashine aliyoiita mashine ya moto, nzito, ya rangi ya kijivu, yenye kidirisha ambacho ndani yake mwali mdogo ulikuwa unawaka. Unaingiza maji ya damu, mwali unabadilika rangi, sindano ya mashine inakwambia dawa iko kiasi gani. Siku ya kwanza Yaya alikataa kunyoosha mkono mpaka aone. Kila mtu alijua Papa Labo hapendi watu wachungulie mashine yake. Nilijua sasa tutafukuzwa. Kumbe akachukua kichupa cha maji safi yenye litiamu kidogo, akakiingiza, na mwali ukawa mwekundu, wekundu ambao sijauona tena mahali popote.

"Njo dawa yangu ile?" Yaya akauliza.

"Njo yenyewe," akajibu, ndiyo yenyewe.

"Sasa tia damu yangu, nione."

Akatia. Mwali ukawa wa njano tu. Yaya akakunja uso, akasema amedanganywa.

"Hapana, mama. Ndani ya damu chumvi iko mingi, na chumvi inawaka njano, inafunika macho yetu. Mashine iko na kioo ya kuchuja. Yeye anaona ile nyekundu kidogo yenye kujificha."

"Kumbe hata wazimu wangu ni madini," Yaya akasema. "Likasi hii, ee! Hakuna kitu hakichimbwe!"

Papa Labo akacheka. Ndiyo, alicheka, mimi ni shahidi. Tangu siku ile alimwita Yaya "mwenye moto", na Yaya ndiye mgonjwa pekee aliyethubutu kumtania.

Gesi ya mashine ilikuwa hadithi yake. Ghala la hopitali lilipokauka, aliwaendea masista akaazima chupa ya jikoni kwao. Kila Alhamisi aliibeba kwenye baiskeli, akapima damu za wote waliokuwa wakimngojea, jioni akairudisha. Kwa hiyo kila Alhamisi masista walikula mkate na ndizi. Sista mmoja mpishi alimlalamikia kwamba tumbo lake ni la kizee, linataka supu ya moto. Akamjibu kwamba kufunga kidogo ni kuzuri kwa roho, na yeye sista ndiye aliyemfundisha hivyo kwenye katekisimu.

Lakini ukija kwake wewe na habari ya kufunga, moto unawaka. Wakati ule vyumba vya maombi vilikuwa vimeota kila kona ya mtaa wa Shituru, na watu walifunga kavu: siku tatu bila chakula, bila hata tone la maji, wakiombea mishahara irudi. Yaya alitaka kuingia. Papa Labo alipopata habari alipanda baiskeli mpaka chumba chenyewe, akamkuta kiongozi wa maombi anapanga viti.

"Huyu mama akifunga kavu, maji inapunguka ndani ya mwili, na ile dawa inabaki inapanda," alimwambia. "Akiacha na chumvi, vile vile. Utamuzika, mutumishi."

"Papa, Mungu ndiye anamulinda."

"Ninajua. Njo maana Alinituma kwako na baiskeli."

Walikata shauri: Yaya angeomba na wenzake siku zote tatu, lakini angekula bukari, ugali wetu, na samaki wake wa chumvi na kunywa maji, bila mtu kumkodolea macho. Papa Labo mwenyewe, nisiwafiche, kwenye misa ya kwanza ya Jumapili alikuwa anakoroma tangu injili mpaka baraka, na mke wake anamfinya.

Hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi. Alisahau majina ya watu lakini alikumbuka namba ya damu yako ya miezi sita iliyopita, akaitaja mbele ya watu wote kwenye baraza. Na jambo la kuchekesha kuliko yote: mtu huyu aliyetoboa mikono ya mji mzima aliogopa sindano. Wauguzi walisimulia kwamba siku ya wafanyakazi kupimwa, alikuwa anajifungia chooni. Alikuwa na shinikizo la damu, na vidonge vyake vilikaa kwenye droo chini ya vioo vya darubini, pakiti haijafunguliwa. Mke wake alipomwambia anywe, alisema kesho. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea.

Sasa nije kwenye sirene.

Mtu ambaye hakuishi Likasi wakati ule hawezi kuelewa sirene ya kiwanda ilikuwa nini kwetu. Kile king'ora kiliamsha waume, kilifungua shule, kiliwatoa watoto mtoni. Wanawake walitia bukari motoni kwa sirene. Papa Labo aliiamini kuliko kitu kingine duniani. Hakuvaa saa ya mkono, aliidharau kabisa.

"Saa ya mukono inafuataka mwenye kuivaa," alikuwa akisema. "Sirene haina rafiki."

Kwa hiyo sheria yake kwa Yaya ilikuwa hii: "Unakunywa kidonge ku sirene ya jioni. Unakuja ku sirene ya asubuhi, mbele ya kukunywa ingine. Katikati iko masaa kumi na mbili. Damu ya masaa kumi na mbili njo inasema kweli. Ukikuja mapema, dawa ingali mingi ndani ya damu, itanidanganya. Umesikia, mwenye moto?"

"Nimesikia, papa."

"Na siku sirene itagonjwa?" mimi nikamchokoza.

"Siku ile na weye, mwalimu, utafunga masomo."

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Miaka miwili Yaya hakupanda wala hakushuka. Aliuza samaki, aligombana na wateja, alininunulia kitenge. Ninyi mliokaa na mgonjwa wa namna hii nyumbani mnajua miaka miwili ni nini. Mimi nilikuwa nimeanza kulala usingizi bila kutega sikio.

Kisha ikaja ile miezi mibaya ambayo majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa. Walikaa kituo cha treni na magodoro na sufuria zao, wakingojea behewa. Watu waliokuwa wametuzikia wafu wetu na kutuoza! Aibu ile bado ninayo. Mmoja wao alikuwa mzee aliyekuwa akipiga sirene kiwandani miaka mingi. Wiki aliyoondoka, aliwekwa mtu mwingine ambaye hakuwa na mazoea, na umeme nao ukawa unakatika.

Jumatano jioni, kesho yake Yaya apimwe, jua lilizama na sirene haikulia. Yaya aliweka kidonge mezani kando ya kikombe, akangoja. Bukari likapoa. Nikamwambia, "Yaya, kunywa tu, giza limeingia."

"Papa Labo alisema sirene."

"Lakini sirene imechelewa."

"Weye njo mulaborantin, mwenye kupima damu? Alisema sirene, hakusema giza."

Mimi, mwalimu mzima, nikafunika bukari. Nilifikiri kutii ni kutii. Sirene ililia tulipokuwa tumekwisha kuvuta blanketi, Yaya akaamka, akanywa kidonge chake kwa uaminifu wote. Asubuhi sirene ililia wakati wake wa kawaida, kwa kuwa zamu ya asubuhi haikuwa na mchezo, na tukaenda.

Papa Labo alikuwa ametoka matangani kando ya Tshangalele usiku ule ule. Alishuka kwenye lori la samaki akaja moja kwa moja kazini, na vumbi kwenye nyusi. Hakujua lolote kuhusu sirene ya jioni.

"Dawa ya mwisho?"

"Ku sirene," Yaya akajibu, kama siku zote.

"Basi. Jambo, mwenye moto."

Namba ilitoka juu, imevuka mstari wa hatari. Niliona mkono wake unasita, akapima tena, ikatoka ile ile. Akaandika. Munganga alipoona akaogopa sumu, akakata vidonge nusu. Kila mtu alifanya kazi yake vizuri, na kwa kazi hiyo nzuri tulimrudisha dada yangu shimoni.

Ilichukua majuma machache. Kwanza aliimba alfajiri. Kisha akaacha kulala. Kisha nikarudi kutoka shule nikakuta mabeseni ya samaki ni matupu, majirani wote wanakaanga, na Yaya hayupo. Siku mbili tulimtafuta. Mjomba wetu alishaleta kamba. Alisema akipatikana afungwe, apelekwe kwa nabii mmoja wa barabara ya Shinkolobwe ambaye anatoa mapepo kwa fimbo.

Siku ya tatu asubuhi Papa Labo aliingia uani kwetu na baiskeli. Hakuna aliyemwita; alikuwa amesikia kwamba Yaya amepotea, na kwamba sirene ya jioni siku hizi inachelewa. Hakusalimia, na safari hii hakuuliza habari ya dawa.

"Mwalimu. Ile Jumatano, mbele ya kipimo. Sirene ya jioni ililia saa ngapi?"

Nikamweleza: bukari lililopoa, kikombe, blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini, kwenye udongo, na koti lake jeupe. Kiti kilikuwepo.

"Basi damu ilikuwa ya masaa saba, nane," akasema. "Dawa ilikuwa sawa. Yeye alikuwa muzima. Ni mimi. Kosa ni yangu."

"Si wewe, papa, ni sirene."

"Hapana! Sirene haikuandika. Niliandika minye." Akapiga magoti yake kwa mikono yote miwili. "Niliuliza, nikajibiwa 'ku sirene', nikaridhika. Minye mwenyewe nilipima sijui."

Nimefundisha watu wazima na watoto, nimekaa na wakubwa wa kila aina katika nchi hii. Sijaona mwingine aliyesema "ni mimi" wakati hakuna aliyemshtaki. Alitoka pale akaenda kwa munganga, akafungua daftari la labo, akapiga mstari juu ya namba yake na kuandika kando, kwa kalamu nyekundu, kwamba kosa ni la mpimaji. Nimeiona karatasi hiyo. Kisha akachukua vidonge akapiga pedali kuelekea ziwani, kwa kuwa yeye alikumbuka kitu tulichokisahau sisi ndugu: Yaya akipanda, huwa anawafuata samaki.

Alimkuta Tshangalele kwenye gati la wavuvi, anawahubiria. Wavuvi walinisimulia. Alikaa kando yake tangu adhuhuri mpaka jua kuinama. Yaya alimtukana, akamwimbia, akamvua miwani akaivaa. Yeye alisema maneno yale yale: "Mwenye moto, nimekuja kukuomba musamaha. Nilikosa hesabu ya masaa yako." Mwisho Yaya alichoka kucheka, akamwuliza, "Kweli ulikosa? Weye?"

"Minye."

"Basi leta hicho kidonge. Nikunywe juu ya kukuonea huruma."

Walirudi kwenye lori, baiskeli juu ya magunia. Mjomba alikuwa mlangoni na kamba yake. Papa Labo akamwambia kamba hiyo itafaa kwa mbuzi, na akapita na Yaya ndani.

Siku iliyofuata alirudi na saa ya ukutani kwapani, ya kutiwa ufunguo, ya mbao nyeusi. Ilitoka sebuleni kwake, tulijua baadaye, na mke wake hakuongea naye siku kadhaa. Alipigilia msumari mwenyewe juu ya meza yetu.

"Sirene imekufa," akasema. "Sasa munafuata hii. Na mukisikia minye ninasema kitu haina akili, mukatae. Hata ni minye."

Yaya alirudi polepole, kama kawaida ya ugonjwa ule. Alhamisi baada ya Alhamisi namba ilikaa mahali pake. Na ile mashine ilipokufa kabisa, kioo chake kimepasuka na hakuna wa kuleta kingine, Papa Labo alimfundisha Yaya kipimo cha mwisho. Kila asubuhi jaza kikombe mpaka ukingoni, kiweke kwenye sahani, kibebe kutoka kwenye ndoo mpaka mezani. Sahani ikilowa asubuhi mbili tatu mfululizo, mikono imeanza kutetemeka kupita kiasi: acha kidonge, kunywa maji, kimbilia hopitali. "Haina sawa na mashine," alisema. "Lakini inashinda sijui." Kikombe hicho kilimfikisha Yaya mpaka siku masista walipopata labo ya kupeleka damu zetu Lubumbashi.

Mara ya mwisho kukaa naye, miaka ile ilikuwa inaisha. Alikuwa ameshaacha kazi, au kazi ndiyo iliyomwacha. Tulisikia amepooza upande wa kushoto. Yaya alipanda juu ya kiti akaishusha saa, akaifunga katika kitenge.

Tulimkuta kwenye kitanda kilichowekwa sebuleni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Mke wake alikuwa mlangoni, akatunong'oneza: vidonge munganga ameleta, vipo, hataki, anasema kesho, na munganga amesema pigo la pili halitamsamehe. Nikafungua kinywa nimsalimie mzee. Yaya akanishika mkono, akasogea mpaka kitandani. Hakumtazama usoni. Alitazama pakiti iliyokuwa juu ya stuli.

"Dawa ya mwisho," akasema, "ulikunywa saa ngapi?"

Mzee alimgeukia mke wake. Mke wake akatazama dirisha.

"Sijui," akasema mzee.

"Sijui haipimwi, papa."

Yaya alitafuta msumari, akakuta ule ule wa zamani wa saa bado uko ukutani, mtupu, akaitundika saa na kutia ufunguo. Ikaanza kwenda. Kisha akaenda kwenye ndoo, akajaza kikombe mpaka ukingoni, akakiweka kwenye sahani, akavuka nacho chumba kizima bila haraka.

Papa Labo alitazama sahani kwanza. Akanyoosha mkono wa kulia, akaigusa kwa kidole pembeni, akatazama kidole.

"Iko kavu," akasema.

"Kunywa."

Akameza kidonge, akanywa maji yote. Yaya akatazama saa, akaandika kwenye pakiti kwa peni yangu, akaivuta stuli akakaa. Ndipo alipoinua kichwa na kumtazama.

"Basi," akasema. "Jambo, papa."